Jinsi Wakili Hemed Alivyoijaza Nafasi ya Tarehe

Tegeni masikio, enyi mlioketi kwenye mabenchi ya mawakili mkiambiwa mje wiki ijayo, nanyi wenye mihuri na wino mliowaambia hivyo! Sogezeni viti. Mwenye chai na aiweke chini, mwenye simu na aizime, maana hapa hawasimuliwi wafalme waliovuka mito na kuchoma miji. Hao wana wasifu wao, nao wamesifiwa wakachoka. Hapa pana vita vilivyopiganwa katikati ya Nairobi, orofa ya tatu, ndani ya jengo lenye lifti isiyopanda, zama zile simu za mkononi zilipokuwa zimeanza tu kuwa na rangi na kompyuta zingali na visogo. Shujaa wake alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima, na adui wake alikuwa kisanduku cheupe kisichotosha kulaza njiti ya kiberiti. Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi.

Shujaa huyo jina lake ni Hemed bin Fahim, wakili wa Mahakama Kuu, mzawa wa Lamu na mkazi wa Kileleshwa, Simba wa Orofa ya Tatu, Mtamkaji wa Kiswahili kisicho doa, Mwenye Miwani Miwili: ya kusomea, na ya kuitafutia ile ya kusomea. Kwa hati hakuwa na mpinzani. Hati ikitoka mikononi mwa Hemed ilikuwa imenyooka, haina mkato uliopotea wala aya iliyochechemea, na majaji waliizoea hata wakaacha kuikagua.

Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Hemed alikuwa haandiki tarehe. Msimshangae, kwani ndiyo desturi ya mawakili wote wa mji ule: hati huchapwa yote, ila penye siku huachwa nukta nyingi zimejipanga, zije zijazwe kwa kalamu siku wenyewe watakapotia saini. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kwamba kwa Hemed zile nukta zilitoka kwenye karatasi zikahamia kinywani. Ukimuuliza lini, alijibu, "Inshallah, karibuni." Ukimuuliza karibuni ni lini, alikuuliza habari za nyumbani, na hali ya watoto, na mvua kwenu imenyesha vipi, mpaka ukajikuta uko kwenye ngazi unashuka, umefarijika na huna chochote mkononi.

Basi mwaka huo Hemed akanunua programu ya kompyuta ya kutungia hati, iitwayo Katibu. Akaipokea kwa hotuba. Taipureta yake ya zamani akaitoa sadaka kwa madrasa, nako akahutubu, kisha akaapa mbele ya orofa nzima, "Kuanzia leo haitatoka karatasi katika afisi hii ila imepitia kwa Katibu!" Watu wakapiga makofi. Lornah, karani wake, binti wa vidole kumi na kucha za zambarau, hakupiga, kwa sababu alikuwa amekwisha kukisoma kijitabu cha maelezo.

Katibu alikuwa na sharti moja tu. Hakubali pengo. Ukiacha nafasi tupu, moja tu, hulia tiing! na kuizungushia mstari mwekundu, kisha huandika kwa Kiingereza chake kikavu maneno ambayo maana yake ni: Kuna nafasi tupu. Jaza. Wala hachapi herufi hata moja mpaka umejaza, uwe wakili, uwe nani.

Hata ikawa Jumanne ya mvua za masika, baada ya adhuhuri, mlango ukafunguliwa akaingia Wanjira binti Mbugua, kutoka Waithaka, mwanamke wa makamo afumaye sweta za shule na kuziuza soko la Dagoretti. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kisigino. Hakusalimu kama alivyozoea. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akatoa sindano zake mbili na sweta ya kijani isiyo na mikono bado, akaanza kufuma.

"Dada Wanjira!" akapaza Hemed, mikono imefunguka. "Ahlan wa sahlan! Hali ya mzee wetu mtukufu? Na mvua huko kwenu..."

"Wakili, mvua umeiona kwa dirisha," akasema Wanjira. "Leo sijakuja kuuliza. Nimekuja kukaa. Nitakaa hapa mpaka hiyo karatasi ya mzee itoke."

Hapa yafaa mjue karatasi gani. Baba yake, Mzee Dedan Mbugua, alitaka kumpa Wanjira ploti ya nyumba wanayokaa pale Waithaka, kwa kuwa Wanjira ndiye aliyerudi nyumbani kumtunza mzee alipofiwa na mkewe. Ndugu zake walikubali. Bodi ya ardhi ilikubali. Kilichobaki ni hati tu, na mzee aweke saini mbele ya wakili, na tangu mwezi wa kwanza ilikuwa inshallah, karibuni.

"Macho ya mzee inaisha," akaendelea Wanjira, bila kuinua uso kutoka kwenye sweta. "Daktari amesema ni presha ya macho, na ikienda hairudi. Jana amemimina chai kando ya kikombe, halafu akajifanya ni kikombe imesonga. Nami nikajifanya sijaona. Kila asubuhi anaandika jina lake kwa meza na kidole, ndio mkono isisahau. Anasema atatia saini akiwa anaona jina lake. Na kidole gumba, Wakili, hiyo hataweka. Unajua vile alivyo."

Hemed alijua. Orofa nzima ilijua, maana mzee aliyasema hayo kwa sauti siku ya kwanza. Ujanani mwake Mbugua alishikwa kifundo cha mkono na karani wa mwajiri, kidole chake kikachovywa wino na kugandamizwa kwenye karatasi asizoweza kuzisoma, nazo karatasi zikamfunga miaka. Alipokuwa mtu mzima mwenye watoto alijiunga na darasa la ngumbaru, akakaa kwenye dawati la wanafunzi wadogo magoti yakigusa kidevu, akajifunza kuandika jina lake. Siku alipoliandika lote bila kuangalia ubao, aliapa kwamba kidole chake hakitaona wino tena. Kiapo hicho alikuwa amekitunza tangu hapo.

Basi Hemed akaona haya. Yalimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio, na mtu wa pwani akiona haya hunyoosha mgongo na kuhutubu. "Lornah!" akanguruma. "Washa mtambo! Leo hapalali mtu na deni la maneno. Leo Katibu atafunguka, ama apende, ama asipende!"

"Imewaka tangu asubuhi," akasema Lornah. "Na hii hati tuliijaribu Ijumaa, Wakili. Ilikataa. Ukasema tuiache kwanza."

"Niliuacha uwanja ili adui alegee," akasema Hemed, akavaa miwani ya pili, akaitafuta ya kwanza, akaipata, akaivaa. "Soma mapengo!"

Vita vikaanza. Pengo la kwanza lilikuwa sanduku la posta la mtoaji, na mzee hakuwa na sanduku. Hemed alitaka kulikabili kwa hoja, lakini Wanjira akasema waandike la kanisa, kwa kuwa mtaa mzima hupokea barua zake kanisani na pasta huzigawa baada ya ibada. Lornah akapiga namba, na ngome ya kwanza ikaanguka. Pengo la pili lilikuwa namba ya faksi ya mtoaji.

"Faksi!" akalia Hemed. "Ewe mtambo usio na haya! Mzee Mbugua na ng'ombe wake wawili, faksi ataipachika wapi? Pembeni?"

"Andika hakuna," akasema Lornah, na akaandika HAKUNA, na Katibu, lo, akanyamaza kimya. Hemed akainuka kitini. Aliona sasa siri ya adui imefichuka, kwamba silaha ya kumwulia ni neno moja la Kiswahili, akalitembeza neno hilo katika safu za adui kwa furaha isiyomstahili mtu wa umri wake. Simu ya afisi ya mtoaji? Hakuna! Anwani ya ng'ambo? Hakuna! Ila walipofika penye jina la mume wa mpokeaji, sauti ya jemadari ikapungua, akakohoa, akaanza kulizunguka jambo kwa adabu.

"Wakili, andika hakuna," akasema Wanjira. "Kwani ni siri? Na usiandike na huruma."

Likaandikwa bila huruma. Hapo Lornah akabonyeza kitufe cha kuchapa, na wote watatu wakaikodolea macho printa, na Hemed alikuwa amekwisha kuinua mkono wa ushindi.

Tiing!

Lilikuwa limebaki pengo moja, chini kabisa, limezungushiwa wekundu. Tarehe ya kutia saini.

"Hilo huachwa wazi," akasema Hemed. "Huachwa wazi siku zote. Aliacha wazi aliyenifundisha, na aliyemfundisha yeye."

"Mimi najua," akasema Lornah. "Ni hii kitu haijui. Ngoja niweke doti."

Akaweka nukta nyingi, zile zile za desturi. Tiing! Akaweka HAKUNA. Tiing! Katibu alitaka tarakimu. Lornah, ambaye hakosi hila, akapiga tarehe mosi Januari mwaka wa elfu moja mia tisa, na Katibu akaipokea bila kunung'unika, na kwenye kioo ikatokea hati nzuri kabisa, iliyosema ya kwamba Mzee Mbugua alitoa ploti yake zama ambazo yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa, wala baba yake hajaoa.

"Futa, futa!" akasema Hemed. "Haya, peleka mbele. Mbali. Mahali pa salama." Lornah akaandika siku ya mwisho ya mwaka wa elfu mbili na tisini na tisa. Hiyo nayo ikapokewa, na Hemed akaitazama kwa tamaa kidogo, tusimfiche, maana ilikuwa siku inayompa mtu nafasi ya kujiandaa.

"Hapo mimi nitakuwa nimekufa," akasema Wanjira.

"Si tufanye na Word, Wakili?" Lornah akamnong'oneza. "Ama tuazime taipureta ya jirani?"

"Niliapa mbele ya orofa nzima!"

"Haya basi. Kaa na kiapo yako."

Nje mvua ilipiga bati la paa la jirani, na sindano za Wanjira zikawa zinagongana taratibu. Kisha zikaacha.

"Wakili," akasema, na sasa aliinua uso, na hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Hiyo kompyuta inakuuliza kitu moja tu. Utakuja lini. Hata mzee anakuuliza hiyo tangu Januari. Kwani wewe hujui?"

Ewe ulimi wa Lamu, ulikuwa wapi saa hiyo? Wakili aliyewanyamazisha mawakili wenzake mahakamani aliitafuta inshallah yake, nayo akaiona kwa mara ya kwanza ilivyochakaa. Alikuwa amelitumia jina la Mungu kuzibia uvivu wake, na marehemu mama yake angemsikia angemfinya sikio. Aliogopa matope ya Waithaka. Hilo ndilo lilikuwa jambo zima. Aliogopa matope, na viatu vyake ni vya ngozi laini, na safari ni ya kuudhi, ndipo mzee akaachwa anaandika jina mezani kwa kidole.

"Nipishe, binti," akamwambia Lornah.

Lornah akampisha. Na hapa, enyi wasikilizaji, shusheni pumzi, kwa sababu Hemed bin Fahim hakuwa amepata kugusa baobonye la kompyuta maishani mwake. Akaketi. Akainua kidole cha shahada, akakishusha juu ya mbili, akakiinua, akaitafuta sita kote kaskazini na kusini mpaka Lornah akamwonyesha kwa ukucha, akakishusha. Hivyo ndivyo alivyosonga, tarakimu kwa tarakimu, jasho likimtoka, mpaka ikasimama tarehe ishirini na sita, mwezi wa nne, mwaka wa elfu mbili na tano. Ndiyo siku hiyo hiyo waliyokuwa wameketi ndani yake.

Katibu hakulia. Printa ikajikuna, ikaguna, ikatema karatasi.

"Lakini Wakili," akasema Lornah, "si hiyo ni leo?"

"Ni leo."

"Na ikifika kesho haijatiwa saini itakuwa ni uwongo."

"Ndiyo maana ninachukua koti," akasema Hemed.

"Na yule mteja wa saa tisa?"

"Mwambie aje wiki..." Akajikwaa hapo, akasimama mlangoni. "Mwambie kesho, saa tatu asubuhi. Uandike saa tatu."

Lornah akamtazama kwa makini. "Wakili, uko sawa?"

Wakashuka ngazi, kwa kuwa lifti ni ile ile, wakaingia kwenye Peugeot nyeupe, Wanjira akiwa mbele kuonyesha njia. Wakaishika barabara ya Ngong, wakapita Dagoretti Corner, magari yamesongamana na wauza miavuli wakikimbia katikati, na Hemed akakemea kila dereva kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa vizuri kiasi cha kukasirika. Walipofika maduka ya Waithaka gari likakataa kuendelea. Mbele palikuwa na kichochoro cha udongo mwekundu uliolegea, na mwisho wa kichochoro, nyumba ya mzee.

"Hapa tunatembea," akasema Wanjira. Akaifungia hati ndani ya ile sweta ya kijani isije ikaloa, akampa Hemed aibebe, naye akaibeba kifuani kwa mikono miwili. Alipiga hatua kwa utaratibu mkubwa. Haikusaidia. Karibu na ua wa jirani matope yakamshika kiatu cha kulia, yakakimeza, na alipokivuta ukatoka mguu peke yake. Hemed akakitazama kiatu, akaitazama mbingu, ambayo ilikuwa imeanza kupata giza la mvua nyingine, akakiacha. Akaenda na soksi.

Mzee Mbugua alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, palipo na mwanga, uso wake umeelekezwa kwenye njia.

"Wanjira, ni nani huyo anakuja na kiatu moja?" akauliza.

"Ni wakili, baba."

"Yule wa wiki ijayo?"

Msichague upande, wasikilizaji. Hemed mwenyewe aliinamisha kichwa. "Ndiye, mzee wangu," akasema. "Nisamehe. Nimechelewa, na sina la kujitetea."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa.

"Karibu. Leta kiti, Wanjira. Sasa nisomee hiyo siku imeandikwa."

Hemed akamsomea. Mzee akamwambia asome tena, akasoma tena, na mzee akaitikia kwa kichwa baada ya kila neno. Kisha akasomewa hati yote, mpaka kwenye faksi, ambapo alicheka kidogo. Wakaleta meza. Wanjira akanyoosha mkono amshike baba yake kiganja.

"Usinishike," akasema mzee. "Nionyesheni tu mstari iko wapi. Leo ni kama ukungu."

Hapo ndipo Mwenye Miwani Miwili alipoonyesha kwa nini Mola alimjalia miwili. Akaivua ile ya pili, yenye fremu nyeusi nene, akalaza mkono mmoja wa miwani hiyo juu ya karatasi chini kabisa ya mstari, akaugongagonga kwa ukucha mpaka mzee akaupata mwenyewe kwa kidole. "Huu ndio ukingo, baba. Andika juu yake."

Mzee akaishika kalamu ya wino ya Hemed. Akaandika. Herufi ya kwanza ilipanda kilima, ya pili ikaifuata, na Wanjira akawa amefunika mdomo kwa kiganja, machozi yakimtoka bila sauti. Jina la Dedan likakamilika. Jina la Mbugua likaanza, likagonga fremu ya miwani, likapumzika, likaendelea, na ile a ya mwisho ikatoka nje ya mstari na kusimama peke yake. Lakini ilikuwa a. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaliangalia jina lake kwa kona ya jicho la kushoto, ambako palikuwa pamebaki kuona, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Ni yangu," akasema. "Kuna pahali ingine imebaki wazi?"

"Hakuna, mzee wangu," akasema Hemed. "Hata moja."

Mzee akapapasa karatasi kwa furaha, na wino ulikuwa haujakauka. Alipoinua mkono, kidole gumba kilikuwa cheusi. Wanjira akashtuka, akataka kuleta kitambaa. Mzee akakikaribisha kidole kwenye jicho lake, akakigeuza, kisha akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichofanya ng'ombe waangalie. Akakishusha polepole, mwenyewe, akakibandika kando ya jina.

"Hii," akasema, "hakuna mtu amenishika mkono."

Hemed, aliyepata kurudisha hati kwa sababu ya alama ya kikombe cha chai, akagonga muhuri wake chini yake.

Basi na ipigwe mbiu toka Waithaka mpaka Kileleshwa, na wenye mihuri wasikie na wenye mabenchi wafurahi! Na wanahistoria watakapouliza vita vya orofa ya tatu vilikwisha siku gani, wasihangaike kukisia. Tarehe ipo, imejazwa. Juu yake pana jina la mtu kwa mkono wake, na kando ya jina, kidole.